Spea mpya imekufa ndani ya wiki 3: namna ya kudai haki yako

Nilikuwa natoka Iringa kurudi Dar es Salaam, nateremka Kitonga nyuma ya lori la mbao, nilipoanza kusikia chuma kikisaga chuma. Kila nikigusa breki gari inavutwa upande mmoja. Nikashusha gia mpaka L, nikawasha taa za hatari, nikateremka taratibu hadi tambarare. Fundi alipofungua tairi la mbele, pedi moja ilikuwa bati tupu. Ile sehemu inayosugua diski ilikuwa imebanduka nzima, kama soli iliyoachia kiatu. Pedi zile zilikuwa na wiki 3 tangu zifungwe, na boksi lake liliandikwa jina la kampuni iliyotengeneza gari langu.

Fundi alishainua mkono azitupe majanini. Nikamzuia. Bati lile ndilo lililonirudishia fedha. Karibu kila mtu ninayemfahamu aliyeshindwa kudai, alishindwa kwa sababu spea ilishatupwa, au risiti haikuwapo, au aliyenunua ni fundi na si yeye. Ndiyo maana mwongozo huu unaanza kabla hujatoa hela mfukoni.

Kwanza, fahamu una malalamiko gani

Wengi wetu tunaita "feki" kila spea isiyokuwa na jina la kampuni ya gari. Si sahihi, na kosa hilo linakupeleka kwenye mlango usio wako. Kampuni kama Denso, NGK, KYB, Aisin na Bosch hutengeneza vipuri vinavyofungwa kwenye magari mapya kiwandani, kisha huuza vipuri kwa jina lao wenyewe. Plagi ya NGK ndani ya boksi la NGK ni mali halali, na mara nyingi ni nzuri sana. Feki ni ile inayovaa jina la mwingine.

Kwa hiyo jiulize: spea yangu imedanganya jina? Hapo unazungumzia bidhaa bandia, na mwenye kazi hiyo Tanzania ni Tume ya Ushindani (FCC), inayosimamia Sheria ya Alama za Bidhaa ya 1963. Au ina jina lake lenyewe lakini ni hafifu, haifikii kiwango? Huyo ni mgeni wa Shirika la Viwango Tanzania (TBS). Au ni nzima kabisa ila si ya gari lako, ulitaja modeli ya gari lako ukapewa ya gari jingine? Au ni ya kampuni nzuri, imetoka tu na kasoro ya kiwandani? Hizi mbili za mwisho ni za kumalizana na duka, na wenye maduka wanaojiheshimu huzimaliza siku hiyohiyo.

Kaunta ndipo kesi inapoanzia

Ukienda Gerezani au Kariakoo, usiseme tu "naomba pedi za IST." Nenda na namba ya chasisi. Magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japani yana namba fupi inayoanza na msimbo wa modeli, mfano NCP60 au NCP61 kwa Toyota IST ya kwanza, na ipo kwenye kibati ndani ya boneti. Kwa namba hiyo muuzaji mwenye katalogi anapata namba kamili ya spea.

Namba za Toyota zinasomeka ukizizoea. Tarakimu 5 za mwanzo zinataja ni kitu gani: 04465 ni pedi za mbele, 04466 ni pedi za nyuma, 90915 ni filta ya oili, 48510 ni shokapu ya mbele kulia na 48520 ni ya kushoto. Zinazofuata baada ya kistari ndizo zinazotaja ni ya gari lipi. Ukiambiwa "hizi ni za mbele, bosi" na boksi limeandikwa 04466, unajua la kufanya kabla hujatoa simu kulipa.

Hapa nataka ukae nami kidogo, kwa sababu ndipo penye uzito kisheria na hakuna anayetuambia. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa (Sura ya 214 kwa Tanzania) inasema kwamba ukimweleza muuzaji unataka bidhaa kwa kazi gani, ukategemea ujuzi wake akuchagulie, bidhaa hiyo lazima ifae kwa kazi hiyo, hata kama hakuna aliyetamka neno "garantii". Lakini sheria hiyohiyo inaweka mlango wa kutokea: ukinunua kitu mahsusi kwa kutaja jina lake la kibiashara tu, ulinzi huo wa kufaa kwa kazi unaweza kukukimbia. Tofauti ya sentensi mbili ni kubwa kuliko zinavyosikika. "Nipe ile ya boksi jekundu" inaonyesha umechagua mwenyewe. "Nataka pedi za mbele za IST, NCP61, za kutembelea safari ndefu, unanishauri zipi?" inamfanya muuzaji awe amekuchagulia. Tumia ya pili, na ikiwezekana itumie kwa WhatsApp ili ibaki.

Jambo jingine: kama umeikagua spea pale kaunta, huwezi baadaye kulalamikia kasoro ambayo jicho lilipaswa kuiona wakati ule. Basi kagua kwa kweli. Fungua boksi. Angalia maandishi yaliyokosewa herufi, wino unaofutika kwa kidole, namba ya boksi isiyolingana na iliyogongwa kwenye spea. Kwa matairi, tafuta herufi DOT na tarakimu 4 za mwisho: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi "jipya" lililokaa stoo miaka 6 sitalifunga kwenye gari linalobeba watoto wangu.

Kisha risiti. Dai ya EFD, yaani ile ya mashine ya kodi, na usitosheke nayo. Risiti nyingi za maduka ya spea zinatoka na maneno mawili tu: SPARE PARTS. Karatasi ya namna hiyo inathibitisha ulilipa, lakini haisemi ulilipia nini. Mwombe muuzaji aandike kwa mkono nyuma yake, au kwenye hati ya mauzo, na apige muhuri: "Pedi za mbele Toyota IST NCP61, namba (andika yote), jenuini, waranti mwezi 1." Neno "jenuini" liandikwe. Muuzaji anayelitamka mara kumi lakini anakataa kuliandika mara moja amekwishakujibu, na mimi huondoka hapo.

Lipa kwa Lipa Namba ya duka, si kwa namba binafsi ya kijana wa kaunta. Ujumbe wa malipo unabeba jina la biashara, tarehe na kiasi. Risiti ikipotea, huo unabaki.

Kuhusu mabango. "Mali ikishauzwa hairudishwi" na "Vitu vya umeme havirudishwi" vipo ukutani karibu kila duka. Hilo la umeme lina sababu yake: sensa au koili inaweza kuungua kwa kufungwa na mtu asiyejua, na muuzaji anaogopa kubebeshwa mzigo huo. Suluhisho ni kuomba ijaribiwe kabla ya kulipa, au kuandikiana muda wa majaribio. Lakini hakuna bango linalompa mtu ruhusa ya kukuuzia bidhaa bandia au kukudanganya bidhaa ni nini. Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji, iwe kuna bango au hakuna.

Kwa spea za mtumba, hasa injini na giaboksi, kila kitu kinategemea mliyoandikiana. Siku ngapi za majaribio, kilomita ngapi, na kama ikifa unarudishiwa hela au unapewa nyingine. Ahadi ya mdomo ya "garantii wiki mbili" ina tabia ya kusahaulika siku ya kumi.

Suala la fundi

Tunawapenda mafundi wetu na wengi ni waaminifu. Lakini ukimpa fundi 120,000 aende mwenyewe kununua, akarudi na spea na bei ya jumla, mbele ya sheria aliyekuuzia anaweza kuwa yeye, na duka litakwambia kwa haki kabisa kwamba halikujui. Ukiongeza na cha juu ambacho duka limempa, fundi hatakuwa shahidi wako mzuri.

Nenda naye. Kama huwezi, akupigie akiwa dukani, zungumza na muuzaji, tuma hela moja kwa moja kwa Lipa Namba ya duka, na risiti itoke kwa jina lako na namba ya gari. Mlipe fundi ufundi wake, na umlipe vizuri. Fundi anayelipwa ufundi kwa haki hana haja ya cha juu.

Siku ya kufunga piga picha tatu: boksi likionyesha namba, spea yenyewe ikiwa mpya, na dashibodi ikionyesha kilomita. Boksi usiliache gereji.

Siku spea inapokufa

Usalama kwanza. Breki, usukani, bolijointi, tairodi endi na matairi si vitu vya kuendelea kuendesha navyo ili "nifike dukani nikawaonyeshe." Ita gari la kuvuta. Gharama hiyo itaingia kwenye madai.

Kisha, kabla fundi hajagusa, piga picha spea ikiwa mahali pake. Piga tena ikishatolewa, mbele na nyuma, na dashibodi kwa kilomita. Usiisafishe wala kuigonga. Iweke kwenye mfuko, andika tarehe, kilomita na namba ya gari. Chukua na mwenzake wa upande wa pili hata kama ni mzima, kwa sababu ulinganisho wa viwili vilivyofungwa siku moja unasema mengi.

Sasa jambo linalohitaji uaminifu wako. Muuzaji atasema: "Mmefunga vibaya." Mara nyingine ni kweli, na ni afadhali ujue wewe kabla hajakuumbua. Pedi iliyokwisha kwa mshazari, upande mmoja mwembamba kuliko mwingine, mara nyingi inaonyesha pini za kalipa (kifaa kinachobana pedi kwenye diski) zimeganda, na hapo pedi haina kosa. Filta ya oili inayovuja, angalia kama raba ya filta ya zamani ilibaki imenata kwenye injini na mpya ikafungwa juu yake. Beringi ya tairi iliyoanza kulia siku chache baadaye huenda iliingizwa kwa nyundo badala ya presi. Lakini pedi iliyobanduka kutoka kwenye bati lake huku pini za kalipa zikiteleza vizuri haisingiziwi ufundi.

Tafuta fundi wa pili, asiye aliyefunga, akague na aandike. Ukurasa mmoja unatosha: jina lake na la gereji, simu, tarehe, gari gani, ameona nini, kwa maoni yake nini kimesababisha, na kama kuna dalili ya kufungwa vibaya. Asaini, apige muhuri kama anao. Mimi nilimlipa 20,000 kwa karatasi ile na sijawahi kutoa hela kwa furaha zaidi.

Kurudi dukani

Rudi haraka, siku ya pili ikiwezekana. Kisheria, mnunuzi anayekaa na bidhaa muda mrefu bila kusema kitu anahesabiwa ameipokea, na haki ya kuirudisha inapotea. Hata kitendo cha kuifunga kwenye gari kinaweza kutumiwa dhidi yako kwa hoja hiyo. Likitokea hilo hujapoteza yote, kwani bado una haki ya kudai fidia kwa hasara uliyopata. Ila fidia inahitaji kupigiwa hesabu na kubishaniwa, na kurudisha bidhaa ni rahisi zaidi.

Usiende Jumamosi mchana duka limejaa. Nenda asubuhi, omba kuonana na mwenye duka, na ongea kwa heshima. "Shikamoo mzee, nilinunua hizi kwako tarehe 4, naomba tuziangalie pamoja." Wengi wa wauzaji hawa nao wameuziwa na wakala wa jumla, na wapo wasiojua walichobeba. Ukimwita mwizi mbele ya wateja umemfungia njia ya kukusaidia.

Mweleze unataka nini hasa: fedha, au spea nyingine yenye maandishi ya waranti, na gharama ulizoingia. Orodhesha gharama na risiti zake, yaani diski iliyochubuka, ufundi wa kufungua na kufunga tena, gari la kuvuta. Usidai kisichohusika. Ukiongeza na seti ya matairi kwa sababu tu una hasira, anapata sababu ya kukataa vyote.

Usiiache spea pale mikono mitupu. Akisema "iache nimpelekee wakala," jibu ni sawa, lakini andika: nimepokea nini, kutoka kwa nani, lini, kwa ajili gani, asaini na kupiga muhuri. Ikiwezekana mpe moja ubaki na nyingine.

Akikataa au akikuzungusha: barua

"Njoo kesho" ikifika ya tatu, acha kwenda. Andika. Barua inaonyesha ulidai lini na kwa sababu gani, na kila ofisi utakayokwenda baadaye itakuuliza kama ulishamwandikia muuzaji. Hii ndiyo niliyotumia, nimetoa majina tu:

*Kwa: Mmiliki, (jina la duka, mtaa)*
*Tarehe:*

*YAH: PEDI ZA BREKI ZENYE KASORO, RISITI NAMBA …*

*Tarehe … nilinunua dukani kwako pedi za mbele za breki kwa ajili ya Toyota IST, modeli NCP61, kwa Sh. … Niliambiwa na kuandikiwa kuwa ni jenuini. Zilifungwa tarehe … gari likiwa na kilomita …*

*Tarehe …, baada ya kilomita … tu, pedi moja ilibanduka kutoka kwenye bati lake na kuharibu diski. Fundi asiyehusika na ufungaji amekagua na maelezo yake nimeambatanisha, pamoja na picha na nakala ya risiti.*

*Naomba unirudishie bei ya pedi Sh. …, diski Sh. … na ufundi Sh. …, jumla Sh. …, ndani ya siku 14 tangu upokee barua hii. Nisipopata jibu nitawasilisha suala hili Tume ya Ushindani na mahakamani. Pedi ninazo, unakaribishwa kuzikagua.*

*(Jina, simu, saini)*

Peleka nakala mbili. Moja wanabaki nayo, nyingine wanakugongea muhuri wa kupokea. Wakikataa kupokea, itume kwa WhatsApp ya duka na uende siku hiyohiyo na shahidi.

Kishawishi cha kumwaga yote mtandaoni, jina la duka na picha ya mwenye duka, nakielewa. Jizuie mpaka suala liishe. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inaadhibu kuchapisha taarifa za uongo, na mtu mwenye wakili anaweza kukugeuza mtuhumiwa kwa neno moja ulilozidisha.

Nje ya duka

Kwa bidhaa bandia na upotoshaji, nenda FCC na bahasha yako: barua iliyogongwa, risiti, picha, maelezo ya fundi, na spea yenyewe pamoja na boksi. Boksi lina thamani kubwa hapa, kwa sababu ndilo linalobeba alama iliyoibwa. Mwakilishi rasmi wa chapa hiyo nchini naye mpigie, kwa kuwa jina lake ndilo linalochafuliwa, na anaweza kuthibitisha kwa maandishi kama namba ile ni ya kwao. Spea hafifu inayohatarisha watu ipeleke TBS hata kama wewe umeshalipwa, maana boksi zilizobaki rafuni zinamsubiri mtu mwingine. Muuzaji aliyekataa kutoa risiti ya EFD ni suala la TRA, na unaweza kuhakiki risiti uliyopewa kwenye tovuti yao ya kuhakiki.

Ofisi hizi zinaweza kukamata mzigo na kumwadhibu muuzaji. Fedha yako mfukoni mara nyingi inahitaji mahakama, na kwa kiasi cha pedi na diski ni Mahakama ya Mwanzo ya eneo husika. Karani atakuelekeza namna ya kufungua madai na ada yake.

Kwa ndugu zetu wa Kenya mnaonunua Kirinyaga Road, njia yenu ni fupi zaidi. Ibara ya 46 ya Katiba ya 2010 inampa mlaji haki ya bidhaa zenye ubora unaostahili na fidia kwa kasoro, na ipo Sheria ya Kulinda Walaji ya 2012. Bandia ni kazi ya Anti-Counterfeit Authority, viwango ni KEBS. Na mna Mahakama ya Madai Madogo inayosikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000 na inayotakiwa kumaliza shauri ndani ya siku 60, bila kulazimika kuwa na wakili. Natamani nasi tungekuwa nayo.

Kama spea imesababisha ajali, usitengeneze gari kabla ya polisi wa usalama barabarani kulikagua, na mwambie mkaguzi waziwazi kuhusu spea hiyo ili iingie kwenye taarifa yake. Aliyeumia apate PF3, fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali. Bima ijulishwe mapema. Madai ya namna hiyo ni makubwa kuliko mwongozo huu, tafuta wakili.

Mimi nilijibiwa siku ya 9 baada ya barua. Mwenye duka alinipigia mwenyewe, akaomba tukutane, akaziangalia zile pedi muda mrefu, kisha akamwita kijana wake atoe boksi zote za aina ile rafuni. Alinilipa pedi na diski moja. Ufundi hakulipa, na nikamwachia.